Kichwa cha Jenerali

Kahindo, fundi wa kushona karibu na soko la Bunia, alimjua jenerali wa mtaa wao kwa kofia kabla hajamjua kwa sura. Ilikuwa kofia ya ngozi ya mbuzi, na Kahindo mwenyewe ndiye aliyeipaka madoa kwa rangi ya viatu ili mbuzi aonekane chui. Mvua ikinyesha, chui alimtiririkia jenerali mashavuni, naye alijipangusa polepole kwa kidole chenye pete. Fimbo yake haikugusa ardhi kamwe. Aliibeba kwapani kama mkate. Kila mara alirudi madoa yaongezwe, akijigeuza mbele ya kioo, na sauti yake nene haikuchoka kusema: "Mama Kahindo, wakubwa wa zamani watu wanawakumbuka juu ya kofia. Mukubwa bila kofia, historia itamushika wapi?"

Asubuhi ile kundi lingine la wapiganaji lilipoingia mjini kutokea Iga Barrière, jenerali alikuja mbio, akatupa kofia chini ya cherehani, akamvua Kahindo kitambala cha kichwani, akajifunga nacho na kuchanganyika na wanawake waliobeba magodoro kuelekea Irumu. Mapatano ya amani yalipotiwa sahihi, alirudi amevaa tai, na cheo kikubwa kuliko kile cha kwanza. Akaketi mbele ya cherehani, akainamisha kichwa apimwe kofia mpya. Kahindo aliiacha mita ya kupimia ikining'inia shingoni mwake mwenyewe.

"Kipimo ya kichwa yako niko nayo, mukubwa," alisema. "Kwanza unirudishie kitambala yangu."