Sombe Iliyotwangwa Mara Mbili

Juzi, pale Ndosho, nilimwona mama mmoja akitwanga majani ya muhogo, sombe ambayo mashine ilikuwa imeshaisaga. Nilicheka peke yangu. Mama yangu alifanya hivyo hivyo.

Mchana mmoja, nikiwa bado mtoto, Papa alikuwa njiani na lori kutoka Butembo, na simu yake haikupatikana tangu asubuhi. Mama alipandisha mabega mpaka karibu na masikio. Chakula kilimshinda. Mimi nilidhani ni malaria. Kisha akatoa kinu, akamimina ile sombe laini aliyoinunua sokoni, akaanza kutwanga. Harufu ya majani mabichi ikajaa uwanja. Jirani yetu, Mama Furaha, aliposikia kinu alikuja na mchi wake bila kuuliza kitu. Wakapokezana mpaka jasho likawatoka, na mabega ya Mama yakashuka.

“Mama, leo tuko na bageni?” nikauliza.

“Ndiyo, mutoto wangu. Bageni.”

Nikakimbia kuosha sahani zote za nyumba. Jioni lori likanguruma nje, akaingia Papa peke yake na vumbi lake. Mama akala sahani mbili. Mimi nilinuna: sombe yote ile, na mgeni hata mmoja hakuna.

Sasa mume wangu naye anaendesha lori barabara ile ile. Jana simu yake ilinyamaza, nikatoa kinu. Binti yangu alinitazama kidogo. Hakuuliza habari ya wageni. Alikwenda kutafuta mchi wa pili.