Springi za Nyuma za Gari la Baba

Mama alikuja jijini, kwangu mtaani Donholm, kutibiwa mgongo, na alipopata nafuu akaanza kudai arudi kwake, kule Magharibi. Basi la abiria hakutaka hata kulisikia. Alitaka gari la marehemu baba, steshoni wagoni kuukuu lililolala uani kwangu, ila nyuma lilikuwa limekwisha. Kila tuta lilimtoa machozi. "Likinibeba bila kuniumiza, naenda," alisema. "Lisiponibeba, mtanivumilia hapa hapa."

"Tafuta fundi," mume wangu akasema. Fundi gani tena? Nimeshika spana kabla yeye hajaota ndevu! Baba alikuwa mtu wa reli, na gari lake tulilitengeneza sisi wawili. Nikaliinua kwa jeki, nikalisimamisha juu ya vigogo, nikazifungua springi, yale mabapa ya chuma yanayolaliana, nikazipeleka kwa mafundi wa jua kali zikapindwe upya. Nikanunua bushi mpya, zile raba za kwenye ncha za springi, nikarudisha kila kitu na kukaza nati mpaka basi.

Nikashusha gari. Ala! Limebinuka nyuma kama kuku anayedonoa. Jirani akachungulia getini. "Mama, hiyo gari yako iko kwa maombi?"

Nilikasirika, tena si kidogo. Raba nilizikaza gari likiwa hewani, zikazishikilia springi hapo hapo, na sasa zilikataa kushuka. Dawa yake naijua: unalegeza nati, unalitwika gari mzigo, ndipo unakaza tena. Na mzigo ulikuwa sebuleni kwangu. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja kumwombea mama safari njema. Nikangoja waseme amina, nikawaambia, "Haya, sasa njooni mkae kwa gari."

Wakaingia nyuma wanne, wanawake wenye miili yao, wakicheka. Nikaweka mawe mbele na nyuma ya tairi, nikajilaza chini, nikaanza kukaza. Wakaanzisha pambio. "Msitingishike!" nikafoka. Wapi! Nani atamwambia mwanamke wa kwetu aimbe akiwa ametulia? Nikakaza hivyo hivyo, na waliposhuka gari lilikaa sawa, limenyooka. Nilijisikia raha ajabu.

Jioni nikampakia mama kiti cha nyuma. Tuta la kwanza nililiendea polepole. Kwenye kioo nilimwona ameshika mlango kwa mikono miwili, amefumba macho. Tukapanda, tukashuka. La pili sikupunguza mwendo.

"Kumbe!" akasema, akauachilia mlango. "Basi ni kesho, asubuhi na mapema."

Kazi ilikuwa safi, na niliifanya mimi. Lakini moyo ulinishuka pu. Tukirudi, nikapita lango letu bila kuingia. Nikamwambia kuna kelele nasikia huko nyuma, acha nizunguke tena niisikilize. Nikazunguka mtaa mzima, kisha nikaanza mzunguko mwingine.

Mama akaniwekea mkono begani.

"Hakuna kelele yoyote, mwanangu. Nipeleke kwangu."