Lumbesa Ndani ya Mtumbwi

Sikujifunza maji kwa kupenda. Nimezaliwa Malindi, juu kule Lushoto, ambako maji ni kijito unachokiruka, ukiteleza umelowa viatu, basi. Nikaolewa bondeni, chini ya Mazinde, kijiji kilicho kando ya bwawa. Mtoto hajaanza hata kutembea, mume akaondoka na mwanamke wa kwenye mashamba ya mkonge. Aliacha mtoto na mtumbwi. Mtoto hakuna aliyemtaka. Mtumbwi ndugu zake wote waliukumbuka.

Wa kwanza kuukumbuka alikuwa kaka yake mkubwa. Alinikuta najifundisha kupiga kafi, mtumbwi unazunguka palepale kama kuku aliyechinjwa. Shikamoo nilimpa, maana nimelelewa. Akaitikia huku anacheka.

"Shemeji, mtu wa mlimani na maji wapi na wapi? Niachie mimi huo mtumbwi, we nenda kalime."

"Nikalime wapi? Shamba si mmeshalichukua?"

Akawageukia wavuvi waliokuwa wanashona nyavu, ili wasikie. "Siku nitakayokwenda kumtoa huyu majini, siku hiyo mtumbwi ni wangu. Mmesikia?"

"Sawa," nikasema. Mdomo wangu una haraka kuliko akili.

Na hiyo sawa ilikuwa ugali wa mwanangu. Ng'ambo ya bwawa kuna vitongoji ambavyo masika gari halifiki, na watu wake wanataka mboga za milimani. Mama yangu ananishushia kabichi na karoti kwa gari la mboga, mimi navusha. Bila mtumbwi, ningerudi kwetu Malindi na mtoto mgongoni, na kina shemeji wangecheka hadi leo.

Kwa hiyo nilijifunza, peke yangu, kwa hasira. Hasira yenyewe haisaidii. Shamba ukilipiga jembe kwa hasira linalimika. Maji ukiyapiga kwa hasira yanakugeuza unakotoka. Nilijua kwamba alfajiri bwawa limetulia, na jua likipanda upepo unashuka kutoka milimani kwetu, unausikia kwenye matete kabla haujakufikia. Nilijua pia kwamba mtoto habebwi. Ukimfunga mgongoni kama tunavyofanya shambani, mkipinduka huna mkono wa kumfungulia. Nikawa namwachia jirani. Wanawake wakanisema, eti mama gani anaacha mtoto nchi kavu anakwenda kutembea majini. Nikawaambia njooni mmlee basi. Hawakuja.

Siku yenyewe gari la mboga lilichelewa. Kabichi zilikuja kwenye lumbesa, lile gunia linalojazwa hadi likapita mdomo wake, kisha likashonewa wavu juu kama kilemba. Kwetu lumbesa husimama wima. Ukiilaza, kabichi za chini zinapondeka na kila mtu anakuona mzembe. Basi nikaisimamisha katikati ya mtumbwi, ndefu kunizidi nilivyokaa, nikaifunga kwa kamba kama inavyofungwa kwenye pikipiki. Niliona nimefanya kazi safi.

Katikati ya bwawa upepo ukaikamata. Mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia mapajani. Nikasimama ili niishike. Ujinga mtupu, nusura tuende wote. Nikatazama nyuma. Shemeji alikuwa ameshausukuma mtumbwi wa jirani nusu majini, amesimama anangoja.

"Ita, shemeji! Ita tu, nakuja!"

Sauti majini inafika vizuri sana. Na kicheko cha wavuvi kilifika.

Sikuita. Nilipiga magoti, nikatoa kisu, nikakata kamba, nikachana wavu. Kabichi za mama yangu, alizozimwagilia kwa ndoo kutoka kijitoni, zikaporomoka majini, zikaelea kama vichwa vya watu. Gunia likapungua, nikalilaza. Mtumbwi ukanyooka. Nikachota maji kwa kikombe cha uji cha mwanangu, nikauingiza mtumbwi kwenye matete, nikakaa humo natukana peke yangu hadi upepo ulipopungua. Kisha nikavuka. Zilizobaki niliuza zote, hata zilizopondeka.

Jioni nilirudi, ufukweni hapakuwa na mtu. Nikauvuta mtumbwi hadi mlangoni kwangu, nikaufunga kwa mnyororo kwenye shina la mpera. Kisha, kafi begani, nikaenda kwa shemeji.

Harufu niliipata njiani. Yeye na wavuvi wake walikuwa uani, wamezunguka sinia la ugali na kabichi. Kabichi zangu, walizoziokota majini.

Mvuvi mmoja akaona aibu, akanawa. "Mama, tulidhani... Mtumbwi umeuacha wapi?"

"Kwangu. Nimeufunga."

Shemeji hakuinua macho. Nikamngoja ajaze mdomo.

"Shikamoo, shemeji."

Wote wakamtazama. Ikabidi ameze kwanza.

"Marahaba," akasema.