Mkeka Juu ya Shimo

Wanawake wa parokia hunisimamisha njiani, huyu ameshika kiuno, yule ameshika shingo, wananiuliza: ile yoga ya kulala chali, ni nzuri au ni mbaya? Wanataka jibu la neno moja. Mimi jibu langu ni la nusu siku, na kukaa kitako nusu siku siwezi, hata kanisani nahesabu madirisha. Kwa hiyo huwajibu kwa ukali kidogo, wanaondoka wakisema nimekuwa na maringo. Basi nijibu hapa, mara moja, kisha waniache.

Mimi ni mshonaji. Miaka mingi nimeinamia cherehani, sare za shule, nguo za kwaya, vitenge vya harusi, mpaka mgongo ukanigeuka adui. Usingizi nao ukanikimbia. Ndipo nikasikia kuna mama mmoja amerudi kutoka Lubumbashi, anafundisha kupumzika katika ukumbi wa parokia kila Jumamosi asubuhi. Nilikwenda nikiwa nimenuna. Nilidhani tutasimama kwa vichwa.

Hatukusimama kwa vichwa. Tulilala chali kwenye mikeka, mikono kando, viganja vikitazama juu, macho yamefungwa. Ukumbi uko kando ya barabara ya malori ya migodi, kila lori likipita sakafu inatetemeka, na mwalimu anapandisha sauti kidogo kisha anaishusha tena. Alitaja mwili kipande kwa kipande: kidole gumba, kidole cha pili, kiganja, kiwiko. Halafu akasema: "Sasa mwili inakuwa nzito. Inashuka. Inaingia mu bulongo. Achilia byote." Bulongo kwetu ni udongo.

Nililala fofofo. Nilikoroma, waliniambia baadaye, na wakanicheka mpaka mlangoni. Sikujali. Nilirudi nyumbani mgongo umelainika, nikashona magauni mawili bila kusimama. Kwa hiyo anayeniuliza kama ile kitu inasaidia, ndiyo, mimi ilinisaidia. Na kwa sababu ilinisaidia mimi, nikafanya kosa la kumpeleka mume wangu.

Hapo lazima nieleze habari ya nyumba. Tunakaa mtaa wa Kasulo. Anayeijua Kasulo amekwisha kuelewa. Asiyeijua aambiwe kwamba kuna wakati watu hapa walichimba madini ya kobalti chini ya vitanda vyao. Shimo letu lilikuwa sebuleni, pembeni ya kabati. Mume wangu alishuka peku, tochi kwenye paji la uso, na mimi nilikaa kwenye kigoda pale juu nimeshika kamba. Sauti haifiki mbali ndani ya udongo, kwa hiyo tuliongea kwa kamba. Yeye akivuta mara moja, maana yake: niko. Mimi navuta mara moja: nimesikia, na mimi niko. Akivuta mara mbili, napandisha mfuko wa mawe. Mara tatu: nipandishe mimi. Wanaume wengi walishikiwa kamba na wenzao wa kazi. Yeye alikataa. Alisema kamba yake ataishika mke wake.

Siku moja udongo ulianguka. Majirani walimfikia kupitia tundu la nyumba ya pili, walichimba tangu saa sita mchana hadi jua lilipokaribia kuzama, wakamtoa mzima, mweupe kwa vumbi kama aliyepakwa unga. Kuanzia siku ile hakushuka tena. Shimo tulilijaza kifusi, tukafunika kwa saruji. Akajifunza kazi ya kuchomelea vyuma, akaajiriwa kwenye karakana ya mageti na matrela. Ila usingizi wake ulibaki mwembamba. Aliamka amekaa, mgongo ukutani, akiangalia mlango. Miaka yote hiyo. Nikasema, dawa si hii nimeipata? Twende.

Jumamosi ya kwanza alikuwa bora kuliko sisi sote. Wengine tulijikuna, tulikohoa, mimi nilikoroma. Yeye alilala pale bila kutikisika hata kope. Mwalimu alipomaliza alisema mbele ya watu: "Muangalie huyu tata. Njo hivi banalalaka." Huyu baba, hivi ndivyo watu wanavyolala! Nilivimba kichwa. Njia nzima nilimtania kwamba amekuwa padri wa yoga, naye akatabasamu kidogo.

Mwalimu alinitumia sauti yake kwenye simu ili tufanye na nyumbani. Nikatafuta mahali pa kutandika mkeka. Sakafu yetu yote ina nyufa, nyumba iliyochimbwa chini haikai sawa tena. Mahali pamoja tu ndipo palipokuwa laini, palipolala sawa, penye ubaridi mzuri mchana wa joto: kile kipande cha saruji pembeni ya kabati. Nikatandika hapo. Niliweka na mto kabisa, nikaukung'uta vumbi. Leo nikikumbuka ule mto natamani kujipiga kofi.

Kila siku akitoka kazini alilala pale, na mimi nilishona chumba cha pili nikisikia sauti ya mwalimu ikihesabu vidole. Juma la kwanza nilifurahi, nyumba ilitulia. Juma la pili sauti ilisema, "Sasa tunarudia polepole, fungua macho," na yeye hakufungua. Nilidhani amelala. Nikasonga mbele na pindo langu. Siku nyingine ilipita saa nzima simu imenyamaza na yeye bado yuko chali. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinajikunja, kinanyooka, kinatulia. Nikafikiri ni nzi.

Mezani alianza kula bila kusema chumvi imezidi au imepungua, na huyo ni mtu ambaye kwa chumvi hukosi kusikia neno lake. Nilimuuliza ana nini. Akainua mikono yake, akaigeuza, akasema: "Hii mikono, mama, ninaiona sawa ya mutu mwingine." Nikamwambia ni uchovu. Nilisema hivyo haraka, jinsi mtu anavyofunga mlango akiona mvua.

Ndipo mwenzake wa karakana akamleta nyumbani kabla ya saa nne asubuhi, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. "Alishika chuma yenye moto, mama," akaniambia. "Hakulia. Alibakia anaiangalia tu." Nilimwosha kidonda kwa maji baridi, hakuuvuta mkono. Nikamuuliza: "Tata, haikuumi?"

"Inaumia ule mwenye mukono," akasema.

Niliogopa. Sina neno jingine la kupamba. Niliogopa kwamba mtu niliyempata tena kutoka chini ya udongo anashuka upya, mbele ya macho yangu, sebuleni kwangu, na safari hii majirani hawana pa kuchimba.

Nilivaa viatu nikaenda kugombana na mwalimu. Nilimkuta anafagia ukumbi. Akaniambia kupumzika hakujawahi kumdhuru mtu, labda mume wangu ana mawazo yake mwenyewe. Nilimjibu maneno ambayo hayafai kusemwa penye sanamu ya Bikira, na nikaondoka bila kuaga. Nje wanawake wa kwaya waliosikia kelele wakanishauri tuombe, eti yoga ni mapepo ya dini za watu. Nikawaambia waombe tu, ila mimi sikuona pepo, niliona mkono ulioungua.

Asubuhi iliyofuata nikaenda kituo cha afya. Kuna muuguzi pale anayesikiliza watu wenye taabu za mawazo, mtu mtaratibu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nilimweleza nikiwa nimesimama, siwezi kukaa. Aliniacha nisimame. Kisha akauliza swali ambalo sisi sote hatukuwahi kuliuliza: alipokuwa chini ya udongo, alifanya nini?

Nilijua, kwa maana mume wangu alisimulia mara moja, siku ile ile waliyomtoa, halafu hakurudia tena. Alilala chali. Alifunga macho kwa sababu ya vumbi. Alipumua kidogo kidogo ili hewa isimalizike, na aliuambia kila kiungo kinyamaze, miguu kwanza, halafu mikono, mpaka asisikie kama ana mwili. Nilipokuwa nasema hayo nilisikia masikio yangu yanapata moto. Muuguzi aliweka kalamu chini.

"Hii kitu haiko mubaya, mama," akasema. "Batu mingi banapata usingizi na yo. Lakini mutu mwenye kidonda mu mawazo, ukimwambia afunge macho na ashuke, anashuka pale kidonda iko. Bengine banapanda beye peke yabo. Bengine banabakia. Bwana yako anajua kushuka kupita mwalimu yenu. Kupanda, hakuna mwenye alimufundisha."

Alinipa maagizo. Tuache ile sauti ya simu. Kama ni kupumzika, apumzike ameketi, macho wazi, nyayo sakafuni, dakika chache, na mtu wa kuongea naye kando. Nimlete Jumatatu aonane na daktari. Na nikimkuta amezama, nisimtikise, nisimpigie kelele, nimwite kwa kitu anachokijua. Halafu akauliza, kwa upole tu: "Na nani alikuwa juu ile siku?"

"Mimi."

"Ulikuwa umeshika kamba?"

Nikasema ndiyo. Nikamtazama usoni nikasema ndiyo.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Sikuwa nimeshika. Ilikuwa karibu na saa sita, chungu kilikuwa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, pale uani, maji yamechemka, na bukari, ugali wetu, haisongwi kwa mkono mmoja. Nikafunga kamba kwenye mguu wa meza, nikatoka kuisonga. Niligeuza mwiko mpaka ikashikana, nikaifunika, nikarudi nikifuta jasho. Kamba niliikuta imekaza. Nilivuta, haikusogea. Hapo ndipo nilipopiga ukelele. Alivuta mara ngapi nikiwa uani, sijui. Hakuwahi kuniuliza, na mimi nilishukuru kwamba hakuniuliza. Niliishi hivyo miaka, nikimpikia bukari ile ile.

Niwaambie mapema wanaopenda kujua mwisho: alionana na daktari, akaonana naye tena na tena, mkono ukapona, karakana wakamrudisha. Haikuwa kazi ya wiki moja. Mimi bado naenda Jumamosi, mgongo ni wangu. Mwalimu tulipatana, alilia yeye, nikalia na mimi, na sasa kabla ya kulaza watu anamuuliza kila mmoja pembeni kama kuna mahali asipotaka kurudi, na anayetaka kubaki macho wazi anabaki. Mkeka niliutoa. Pale pembeni ya kabati nimeweka cherehani. Basi jibu langu ndilo hilo, ni nzuri, na inaweza kumzamisha mtu, na aliyepaswa kujua tofauti ni mimi niliyelala naye kitanda kimoja.

Lakini ile siku ya kituo cha afya nilikuwa sijui lolote kati ya hayo. Nilirudi nyumbani kwa miguu, karibu nakimbia, saa nane mchana, malori yakiniachia vumbi mdomoni. Watoto wetu walikuwa shule. Simu ilikuwa sakafuni imekwisha kunyamaza, na yeye chali kwenye mkeka, uso hauna mtu. Nikamwita. Tata. Tata ya batoto. Nikapiga magoti nisijue mikono yangu niiweke wapi.

Kidole cha mkono wa kulia kikajikunja. Kikanyooka. Kikatulia, kama kinasubiri. Halafu tena, kikajikunja mara moja, kikanyooka, kikatulia.

Nilitoka mbio uani. Kamba yetu ya shimo ilikuwa imekuwa kamba ya kuanikia nguo, imara kuliko zote za dukani. Niliifungua fundo kwa meno, nguo za watu zote zikaanguka vumbini, sare nyeupe na kila kitu. Nikarudi, nikaweka ncha moja kwenye kiganja chake, nikakifunga kwa vidole vyake mwenyewe, nikakaa pale kigoda kilipokuwaga zamani.

Alivuta mara moja.

Nikavuta mara moja.

Alipumua, pumzi ndefu yenye kelele. Macho yalifunguka yakatazama mabati, kisha yakanitafuta. "Uko?" akasema.

"Niko."

"Ile siku nilivuta," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu, haikuwa na hasira, na afadhali ingekuwa nayo. "Nilivuta mara mingi. Ulikuwa wapi?"

Miaka yote nilikuwa nimejitayarishia majibu, mazuri, yenye sababu. Nikasema: "Nilikuwa nasonga bukari. Nilifunga kamba ku muguu ya meza. Nilikuacha, tata."

Alinitazama. Lori likapita barabarani, sakafu ikatetemeka chini yetu, na mimi nilisubiri aitupe ile kamba.

Akavuta. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.

Nikaishika kwa mikono miwili, nikavuta.