Maneno Machache Mdomoni mwa Shimo

Saa moja asubuhi, Masara. Filister Akeyo amesimama kando ya shimo la dhahabu, daftari kwapani, na hakuna mwanamume anayeshuka kabla ya kupita mbele yake.

"Soma namba tatu," anamwambia Austine, mchimbaji mwenye taa kichwani.

"Shemeji, hiyo si naijua kwa kichwa?"

"Basi nionyeshe kwa mikono."

Austine anacheka. Anajifunga mkanda kifuani, anaunganisha kamba, anaivuta mara mbili mpaka wenzake wawili walioishika juu waitikie. Ndipo Filister anapoandika jina lake.

Nyuma yao kuna ubao wa bati wenye mistari sita, kwa Kiswahili na Dholuo. Wa kwanza unasema: "Mashine ya petroli haishuki shimoni. Mpira wa kuvuta maji ndio unaoshuka."

Mwandishi wake ni huyu mama wa miaka thelathini na minane. "Watu huniuliza nilisomea wapi kuandika hivi," anasema. "Nilimaliza kidato cha nne kwetu Karungu, basi. Hapa nilikuja na sufuria. Nilikuwa nauza chai na mandazi."

Aliyemleta Masara ni mumewe, Nashon, mwanamume aliyeimba akipanda kutoka shimoni, hata uzito wa mchanga ukimwelemea. Kila zamu Filister aliusikia wimbo huo kabla ya kumwona mwenyewe, akaanza kumimina chai.

Miaka minne iliyopita, mvua ililijaza shimo maji. Wachimbaji wakateremsha mashine ya kuvuta maji, wakaiwasha huko huko chini. Moshi ukakosa pa kutokea. Mchimbaji mmoja akaanguka. Nashon akashuka kumwokoa. Wote wawili walitolewa wakiwa maiti.

Kanuni zilikuwepo: kurasa nne za Kiingereza, zimebandikwa kibandani. Nashon, aliyeishia darasa la tatu, aliwahi kumletea mkewe karatasi hizo kabla hazijabandikwa. "Hii inasema aje?" aliuliza. Filister alikuwa na mafuta motoni. Akamwambia atamsomea jioni. Jioni ile wote walisahau.

Baada ya mazishi alizibandua, akazisoma hadi mwisho. Leo anasema: "Sikuelewa. Mimi wa kidato cha nne! Hata ningemsomea, ningemwambia nini?"

Akamwendea Nyabuto, mwenye shimo, na ombi moja: amruhusu aziandike upya kanuni hizo. Nyabuto alikubali, akampa pia kazi ya kuandika majina ya wanaoshuka, kwa shilingi mia tano kwa siku.

Hakuanza na kalamu. Wiki mbili alikaa juu ya jiwe akitazama nani anashika nini, nani anatangulia, wapi watu husahau. Kisha akaandika sentensi fupi, akawapa wachimbaji wasome kwa sauti. Neno lililowakwaza alilitupa.

Mstari wa nne ndio uliomtesa. Aliandika: "Mwenzako akianguka, usimfuate."

Austine aliusoma, akarudisha karatasi. "Hiyo hapana, shemeji. Ndugu yangu yuko chini, nimwache?"

Kwa siku mbili Filister alitembea na swali hilo. Nashon naye, anajua, asingemwacha mtu. Siku ya tatu alimwambia Nyabuto anunue mikanda na kamba, kila anayeshuka afungwe. Mstari ukawa hivi: "Mwenzako akianguka, usimfuate. Piga filimbi. Mvute kwa kamba."

Machi mwaka huu mpira wa kupuliza hewa ulikunjika chini ya mawe. Javan, kijana aliyeoa majuzi, akalegea, akaanguka. Filimbi ikalia. Hakuna aliyeshuka. Walivuta, mikono ikachubuka, Javan akafika juu akitapika, lakini akipumua.

Wachimbaji walishangilia. Filister alikwenda nyuma ya kibanda.

"Nilifurahi, Mungu anajua," anasema. "Lakini nililia. Niliwaza, kumbe ni kamba tu. Kamba na maneno machache, na Nashon angekuwa amekaa hapa akinidai chai." Anatazama mdomo wa shimo. "Mpaka leo zamu ikipanda nahesabu majina. Yote yametimia, na bado masikio yangu yanangoja mtu."

Habari za ubao zimesambaa. Mashimo mawili ya jirani yameuomba, na fundi mmoja wa mji wa Rongo anayachorea nakala. Filister anatafuta mtu wa kumsaidia kuuandika kwa Kikuria.

Lakini safari anayoingoja ni ya kwao. Kikundi cha akina mama wa Karungu kinajenga kiwanda kidogo cha barafu ya kuhifadhia samaki, na kimemwita aje aandike namna ya kuwasha na kuzima mitambo. Amekwisha kununua kalamu mpya.

"Haya ya hapa yote niliyaandika nikiwa nimechelewa," anasema, akifunga daftari. "Karungu mashine bado haijawashwa. Hakuna aliyeumia. Mara moja tu katika maisha yangu, nataka kufika kabla."