Udhu wa Mara ya Tatu

Watu hucheka nikisema nimestaafu, maana nina miaka thelathini na moja. Lakini mkataba wa utafiti ukiisha, nawe ukarudisha kompyuta na kuvua kitambulisho shingoni, sijui hali hiyo niiiteje. Nawaandikia ninyi mtakaokalia viti vyetu.

Siku ya kwanza, katika ofisi yetu ndogo ya Usagara, Mtafiti Mkuu alinipa dodoso, yaani karatasi ya maswali, akasema, "Usiongeze neno, usipunguze." Tulikuwa tunatafuta wanawake wenye udhaifu wa sakafu ya nyonga, misuli inayobeba kibofu na kizazi kutoka chini. Ikilegea, mara nyingi baada ya kuzaa, mkojo huvuja au kizazi hushuka. Tulipima tiba mbili pamoja: mazoezi ya kukaza misuli hiyo, na pete laini ya mpira inayowekwa ndani kuisaidia kubeba mzigo wake. Niliuliza maswali yametungwa na nani.

"Na wanaojua," akasema.

Katika kijiji cha Tongoni nilifika kwa Bi Mwanaidi, mama wa watoto wanane, msuka mikeka. Siku ilikuwa nzito, ya kusinziasinzia. Bahari ilisikika kama mtu anayepumua chumba cha pili. Nikasoma: je, una tatizo lolote la sakafu ya nyonga?

"Sakafu yangu ya udongo, mwanangu. Tatizo lake mchwa."

Nikauliza kama mkojo humvuja. Hapana. Akikohoa? Hapana. Akibeba ndoo? Hapana. Nikazijaza zote. Mwenye hapana tupu aliondolewa kwenye orodha. Kliniki hakuitwa, na tiba hakuipata.

Adhuhuri ilipoadhiniwa akaniomba nimsubiri. Akatawadha kwa kopo, akatandika mswala, akasimama. Alipoinama kurukuu alisita, akarudi kwenye kopo, akatawadha upya. Kisha tena. Maji yalimetameta mikononi mwake, na mimi nikitazama kama niliye ndotoni. Mimi ni Mlutheri wa Pongwe, mtoto wa mkata mkonge. Sikujua ninachokiona, ila nilijua hakiendani na karatasi yangu.

Alipomaliza nikamuuliza, "Bi, mbona umetawadha mara tatu?"

Alikunja mswala taratibu. "Nikiinama, tone linatoka. Udhu unakwenda nalo."

"Dini haina ruhusa kwa mgonjwa?"

"Ruhusa naijua. Mimi nautaka udhu wangu."

Ofisini Mtafiti Mkuu alitazama fomu. "Amejibu hapana."

"Kwa maneno. Kwa maji amejibu mara tatu."

"Kutawadha si swali letu."

"Basi swali letu linamuuliza nani?"

Sista Mkuu, muuguzi aliyekaribia kustaafu kweli, aliweka kikombe cha chai mezani. "Daktari, hata wanawake wa kanisani Pongwe hawatakwambia. Waulize wanakaa benchi la ngapi. Anayevuja hukaa karibu na mlango."

Mtafiti Mkuu aliisoma fomu upya mpaka chai ya Sista ikapoa. Kisha akaandika barua kwa kamati ya maadili, na kibali kilipokuja maswali mawili yakaongezwa: unatawadha mara ngapi kwa sala moja, na kanisani unakaa wapi. Tukarudi nyumba zile zile. Wengi walioniambia hapana walinitazama kidogo, wakasogeza kigoda karibu.

Pete ya kwanza ya Bi Mwanaidi ilikuwa ndogo, ilidondoka alipochutama. "Mafundi bomba ninyi," akatuambia, na kwa wiki nzima hilo likawa jina letu. Ya pili ilikaa. Mazoezi aliyafanya huku anasuka, hakuna aliyejua.

Mara ya mwisho nilipomtembelea, alasiri iliadhiniwa tukiwa tunazungumza. Akatandika mswala. Kopo lilikuwa pale pale mlangoni, kavu.

"Hutawadhi, Bi?"

"Ninao wa adhuhuri," akasema.

Bado sijui maswali mawili yanatosha kwa wangapi. Pengine kuna kijiji kinachohitaji la tatu, nasi hatukulisikia.

Jumapili ya kwanza ya kustaafu kwangu nilikwenda kanisani na mama, Pongwe. Mbele kulikuwa na nafasi tele. Alikaa pale anapokaa tangu nikiwa mdogo, benchi la mwisho, ubavuni mwa mlango.

"Mama, kwa nini huku?"

"Upepo, mwanangu."

Zamani ningeandika upepo. Nikasogea, nikamshika mkono, nikauliza tena.