Usibadilishe Namba

Simu ililia, na msusi akaruka. Mikono yake ilikuwa imejaa dawa ya kunyoosha nywele. Akavua glavu, akanawa, akajifuta kwenye aproni, akaichukua simu pale mbele ya kioo. "HONGERA! Namba yako imeshinda gari." Ya nne hiyo, na saa nne asubuhi haijafika.

"Gari lingine?" mteja aliyekuwa kitini akamuuliza.

"Lingine! Nikiyaegesha yote hapo nje, watu watakosa pa kupita."

Wakacheka, ila msusi hakucheka sana. Jamani, jambo la wiki moja mtu unaweza kulicheka. Hili lilikuwa na miezi saba. Magari, mafriji, mikopo ya dakika tano, mechi za kubeti, na mganga anayerudisha waume waliotoroka. Wa kwake hakutoroka, alimfukuza mwenyewe, lakini mganga hakujali kuuliza.

Utasema, si azime simu? Hawezi. Mama yake mzazi, ambaye alikaa kutwa kwenye kiti cha plastiki pale mlangoni mwa saluni, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alichobakiwa nacho ni mwanga na vivuli. Kliniki ya macho ilimwandika kwenye orodha ya kupasuliwa, na karani akatoa masharti bila hata kuinua uso: "Zamu ikifika tutatuma ujumbe. Mjibu NDIYO ndani ya saa mbili, msipojibu tunamwita anayefuata. Na usibadilishe namba. Ukibadilisha, mnaanza upya."

Basi ndiyo hivyo. Kuzima hawezi, kunyamazisha hawezi, kubadilisha namba ndiyo kabisa asithubutu. Kila ikilia roho inaruka, anaacha kichwa cha mtu nusu, anakimbilia besini. Ngozi ya vidole ilishaanza kubanduka kwa kunawa.

Na kosa alilifanya mwenyewe, kwa adabu zake. Mwanzoni aliwajibu mmoja mmoja: "Samahani, sihitaji, tafadhali msinitumie tena. Siku njema." Siku mwalimu, mteja wake wa kila Jumamosi, alipoyaona majibu hayo, alishika kichwa pamoja na roleri zake.

"Umewajibu? Wee! Si umewaambia kwamba nyumbani kuna mtu?"

Mwalimu akazifungia namba zote. Kesho yake wakaja na namba mpya, wengi kuliko jana. Ndipo mwalimu akapata wazo jingine: akaiwekea simu sauti ya kusoma ujumbe. Ilikuwa sauti ya kike, inazungumza kama mtu aliyeweka kiazi cha moto mdomoni, lakini ilieleweka.

"Mama, hii kazi yako," msusi akasema. "Sikiliza, uniambie ni nani."

Loo, siku hizo zilikuwa na nafuu! Mama alikaa na simu mapajani, ikilia anaiweka sikioni, kisha anatoa hukumu. "Matapeli!" Au, "Mteja, anauliza kama una nafasi Ijumaa." Wateja wakambandika jina la Meneja. Mama aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu asubuhi hadi jioni alianza kujibu mizaha, na msusi akamaliza kichwa kizima bila kuvua glavu. Wiki tatu hivi.

Jumanne moja asubuhi drayer ya kukaushia nywele inanguruma, simu ikalia. Mama akaisikiliza mpaka mwisho. Akaishikilia pale sikioni kidogo.

"Nani, mama?"

"Matapeli."

Saa nane mchana msusi alikuwa amempaka mteja mmoja dawa, anangoja ishike. Akanawa, akaomba simu atafute picha ya mtindo aliyotumiwa jana. Akapitisha kidole kwenye mganga, kwenye friji, halafu akasimama. Jina la mama yake lilikuwa pale, kamili, mpaka la babu yake. Kliniki ya macho. Zamu imefika. Jibu NDIYO kabla ya saa sita.

Akapiga simu hapo hapo, na sauti ya karani ikamjibu kwamba nafasi imeshachukuliwa, asubiri ujumbe mwingine.

"Lini?"

"Mtatumiwa. Usibadilishe namba."

Akamgeukia mama yake. "Mama, huu wa asubuhi uliusikia?"

Mama akashika kingo za kiti.

"Mama! Nakuuliza!"

"Dada, inaunguza!" mteja akapiga kelele. "Dawa inaniunguza!"

Na dawa haina subira na mambo ya mtu na mama yake. Msusi akamwinamisha mteja kwenye besini, akafungua maji, akaanza kuosha huku machozi yanamtiririka. Hasira ilimjaa mpaka masikioni, na mikono yote miwili imo kwenye nywele za mtu mwingine. Nyuma yake mama akaanza kusema, taratibu.

"Ile sauti ilitaja jina langu. Matapeli hawajui jina langu. Nilijua ni kliniki."

Maji yakaendelea kutoka.

"Nikakiona kisu kinakuja jichoni, mwanangu. Niliogopa. Nikasema nitakwambia baadaye kidogo, saa mbili zikapita nikiwa bado naogopa."

Msusi alisuuza mara tatu, akamfunga mteja taulo. Kisha akaenda akachuchumaa mbele ya kile kiti. Alikuwa na maneno mengi ya kusema, yakamtoka haya tu: "Ungeniambia, mama. Ningekushika mkono."

"Sasa najua," mama akasema. Akanyoosha kiganja. "Nipe simu. Wakiita tena nitakwambia, naapa."

Akampa. Angefanyaje? Akarudi kwa mteja, akavaa glavu nyingine, akachota dawa ya kulainisha.

Simu ikalia. Mama akaiweka sikioni, akasikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo.

"Matapeli, mwanangu. Umeshinda friji."

Msusi akabaki ameshika kitana. Kisha akavua glavu, akanawa, akajifuta kwenye aproni, akaenda kuiangalia mwenyewe.

Lilikuwa friji.